Namna ya Kuwa Mwanakemia wa Vichocheo Ukitokea Jogoo Road

Jiandae kwanza kwa majirani. Siku ploti itakapojua kwamba unasomea kemia kampasi ya Chiromo, na kwamba kemia yenyewe ni ya kuunda molekuli mpya kwa msaada wa vichocheo, foleni itaanzia mlangoni pako hadi kwenye mfereji. Mama wa chumba cha tatu, anayeuza chipo karibu na steji, atataka sabuni ya maji. Keateka atataka dawa ya kunguni. Na mzee mmoja mpole, ambaye tangu uhamie hapo hamjavuka salamu, atabisha usiku akiwa na chupa ya soda yenye kitu cheupe ndani. "Kijana wangu, hebu niangalizie. Hii haina ile ya kupofusha watu?"

Usimrudishe hata mmoja. Wote wamekuletea kazi halisi ya taaluma yako, na hakuna chuo kitakachokupa mwanzo bora zaidi ya huo.

Sabuni ya maji haitakuchukua muda. Maduka ya kemikali ya mjini yatakuuzia Ungerol, asidi ya salfoniki, magadi, chumvi, rangi na manukato. Unakoroga kwenye ndoo kwa mwiko, magadi yanatuliza asidi, kazi imekwisha. Mchanganyie mama kwa bei ya vifaa, kisha umwombe malipo ya kweli: mafuta yake yaliyochoka, yale yaliyokaangia chipo mpaka yakawa meusi. Hayo ndiyo kitabu chako cha kwanza.

Kila molekuli ya mafuta hayo ni gliseroli iliyofungwa kwa minyororo mitatu mirefu ya asidi za mafuta. Ukiyamiminia kostiki iliyoyeyushwa majini, vifungo vitatu vinakatika na unapata sabuni ya mche pamoja na gliserini. Angalia kinachoipata kostiki: kila kifungo kinachokatika kinameza molekuli moja yake. Ikiisha, mmenyuko umesimama. Sasa ondoa maji kabisa, weka methanoli badala yake, tia kostiki kidogo tu, kiasi cha asilimia 1 ya uzito wa mafuta, na upashe moto hadi karibu nyuzi 60. Unachopata safari hii ni mafuta ya kuendesha injini ya dizeli, na kostiki haikuingia ndani ya bidhaa hata kidogo. Imefanya kazi na kutoka. Kitu kilekile kimekuwa malighafi kwenye ndoo ya kwanza na kichocheo kwenye ndoo ya pili. Mwanafunzi anayeweza kumweleza mama wa chipo tofauti hiyo, bila daftari, ameshaiva kuliko anayeikariri kwa Kiingereza chote cha kitabu.

Tena mafuta ya chipo yatakufundisha kwa nini utafiti upo. Yana maji ya viazi, na yana asidi za mafuta zilizokwisha kujitenga kwa sababu ya moto wa kila siku. Vitu hivyo viwili vinaila kostiki na kuigeuza sabuni, tabaka za mafuta na gliserini zinakataa kuachana, na ndoo yako inabaki uji. Wanakemia wamelijibu hilo kwa njia kadhaa. Wengine hutanguliza asidi ili kuzifunga zile asidi za mafuta kwanza. Wengine hutafuta vichocheo yabisi vinavyoweza kuchujwa na kutumika tena, na kimojawapo kilichochunguzwa sana ni oksidi ya kalisi inayotokana na maganda ya mayai yaliyochomwa kwa joto kali. Fikiria mitaa yote ya Umoja na Kayole inavyouza mayai boilo jioni, na maganda yale yanakwenda wapi.

Ya methanoli fanyia maabara, chini ya msimamizi, wala usiifikirie kwenye ploti hata siku moja. Mtaa unaoukumbuka moto wa Sinai wa Septemba 2011 hauhitaji kuelezwa jinsi mvuke wa petroli unavyotambaa hadi kuukuta moto. Ya sabuni unaweza kuifanyia nyumbani kwa masharti mawili. Daima tia kostiki kwenye maji, usitie maji kwenye kostiki, kwa sababu yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Na usiitie kwenye sufuria ya Kariobangi. Zile sufuria ni alumini. Kostiki huila alumini na kutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Tumia ndoo ya plastiki ngumu.

Kama bado maana ya kichocheo haijakukaa kichwani, simama steji ya Muthurwa saa kumi na moja jioni umtazame kamagera, yule mpiga debe. Anaita, anaonyesha mlango, gari linajaa, anagonga bodi mara mbili, gari linaondoka, naye anabaki palepale akigeukia linalofuata. Hakukalia kiti. Hakubadilisha gari linakoenda. Lakini bila yeye abiria wangezubaa hapo hadi giza. Ndivyo ilivyo kwa kichocheo: hakiwezi kuusogeza msawazo wa mmenyuko, kinapunguza tu kizingiti cha nishati ambacho molekuli zinapaswa kukivuka. Na kwa kuwa kinabaki, kinatosha kidogo. Atomi moja ya paladi inaweza kuunganisha jozi elfu za molekuli, moja baada ya nyingine. Hesabu hiyo ya mizunguko ndiyo utakayoulizwa kila utakaposimama mbele ya watafiti wenzako. Mizunguko kumi haitalipa bei ya metali. Mizunguko 10,000 inaanza kumvutia mwenye kiwanda.

Vichocheo pia hufa, na mtaa unajua. Chini ya gari la petroli kuna kopo lenye kauri ya vitundu vidogo vidogo iliyopakwa platini, paladi na rodi. Moshi wenye monoksidi ya kaboni ukipita pale, unatoka ukiwa dioksidi ya kaboni, na zile oksidi za nitrojeni zinarudi kuwa nitrojeni ya kawaida. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanalijua kopo hilo kwa bei yake. Ila kwa miaka mingi lisingefaa kitu Nairobi, kwa kuwa petroli ilikuwa na risasi, na risasi huifunika metali hadi isiweze kushika chochote. Risasi ilipoondolewa kwenye petroli, mwanzoni mwa 2006, ndipo kopo likapata nafasi ya kufanya kazi.

Sasa mpe kiti yule mzee mwenye chupa.

Mwambie ukweli kwanza: hakuna mtu anayeweza kuitambua methanoli ndani ya pombe kwa kunusa, kwa kuonja, wala kwa kuiwasha na kutazama rangi ya moto. Yeyote anayejigamba kwamba anaweza, anacheza na macho ya watu. Kinachoweza ni mashine ya kromatografia ya gesi, inayoitenganisha methanoli na pombe ya kawaida kwa dakika chache, na mashine hiyo iko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, iko kwa shirika la viwango, iko kwenye vyuo. Mzee atakumbuka Novemba 2000, Mukuru kwa Njenga na Mukuru Kaiyaba, pale zaidi ya watu 100 walipokufa kwa pombe ya kumi kumi iliyotiwa methanoli, na wengine wakabaki vipofu. Huenda alimfahamu mmoja wao. Sikiliza kabla hujaendelea.

Kisha mweleze, maana anastahili kujua. Methanoli yenyewe ikishafika mwilini haina ukali mkubwa. Tatizo liko kwenye ini, ambako kuna kimeng'enya chenye atomi za zinki, kichocheo cha asili, ambacho kazi yake ya kila siku ni kuvunja pombe. Kikiikuta ethanoli, yaani pombe ya kawaida, kinaigeuza vitu ambavyo mwili unaweza kuvitumia na kuvimaliza. Kikiikuta methanoli, kinaifanyia jambo lilelile kwa uaminifu uleule, na matokeo yake ni fomaldehaidi, halafu asidi ya fomiki, inayoushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Kwa kuwa kazi hiyo huenda polepole, mtu hulala akiwa mzima, akaamka kesho yake anaona ukungu. Wengi hufikiri ni uchovu wa pombe tu, na saa zinapotea.

Hapo ndipo kemia inapookoa. Daktari anaweza kumpa mgonjwa ethanoli safi kwa kipimo, au dawa iitwayo fomepizoli. Zote mbili zinakishika kile kimeng'enya kwa nguvu kuliko methanoli, na methanoli inabaki bila wa kuigeuza sumu hadi mwili au mashine ya kusafisha damu iiondoe. Kuziba kichocheo kwa wakati unaofaa kumewaokolea watu macho. Kwa hiyo mwambie mzee, na uwaambie wanawe: mtu akilalamika kwamba haoni vizuri baada ya kunywa, apelekwe hospitali ya Mama Lucy au Kenyatta usiku huohuo, bila kungoja kupambazuke. Na hiyo chupa isinywewe. Ieleweke pia kwamba chang'aa iliyochachuka kwa nafaka na sukari hubeba methanoli kidogo mno; vifo vya halaiki hutokana na mtu aliyechota pipa la methanoli ya kiwandani na kulichanganya na pombe akijua. Simwonei huruma mtu huyo.

Keateka na kunguni wake utawamaliza haraka. Mkataze kupuliza dawa za shambani kwenye vyumba wanamolala watoto. Joto la kupita nyuzi 50 huwaua kunguni na mayai yao, kwa hiyo maji ya moto kwenye vitanda vya chuma, mvuke kwenye magodoro, na nguo zote zifuliwe kwa moto. Ukibaki na muda, mweleze habari za pareto, ua la dawa ya wadudu la Nakuru na Nyandarua ambalo Kenya iliuza duniani kuliko nchi yoyote. Nusu moja ya molekuli yake ina pembetatu ndogo ya kaboni ambayo ni shida kuijenga ikiwa imeelekea upande sahihi, na wanakemia wa Sumitomo kule Japani, miaka ya 1970, waliijenga kwa kichocheo cha shaba kinachoweza kuchagua upande. Keateka atasikiliza, kisha ataulizia yale maji ya moto tena.

Baada ya majirani, nunua koti la maabara. Gikomba yapo, lakini soma lebo ya ndani ya kola kabla ya kutoa pesa: liwe la pamba. Koti la poliesta likishika moto linayeyuka na kugandia ngozini. Viatu viwe vya kufunika vidole. Nywele ndefu zifungwe. Sikutanii hapa, moto wa viyeyusho hauna nafasi ya pili.

Kutoka Buruburu utapanda 58 hadi mjini, halafu 23 kuelekea Waiyaki Way. Nauli ya pili ikikosekana, Chiromo ni mwendo wa miguu kupitia Museum Hill. Ukifika, jua kwamba nusu ya ustadi wako itakuwa ya kuifanya kazi iende. Kifaa cha kupoozea mvuke kinahitaji maji yatembee kwa saa nyingi, na kila mtoto wa Eastlands anajua maana ya mfereji mkavu. Basi chukua beseni la maji na barafu, utumbukize pampu ndogo ya tangi la samaki, maji yazunguke yaleyale siku nzima. Stima ikipotea katikati ya mmenyuko, andika saa ilipopotea na saa iliporudi, kwa sababu huenda ndiyo sababu ya mavuno kushuka. Heksani na ethili asetati uliyopitisha kwenye safu ya silika, ichemshe, uikusanye, uitumie tena. Kitendanishi ukiagiza leo kitakuja baada ya majuma, kwa hiyo soma makala tano kabla ya kuagiza kimoja. Watafiti wa nchi zenye friji zilizojaa hujaribu kwanza na kufikiri baadaye. Wewe utafikiri kwanza, na nidhamu hiyo utakaa nayo popote utakapokwenda.

Nimeitaja silika na viyeyusho kwa sababu hapo pana jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Mto Nairobi unapita kando ya Chiromo. Ukitoka hapo unashuka hadi Gikomba, Shauri Moyo, Korogocho, Dandora, hadi Njiru, ambako watu humwagilia sukuma wiki. Mabomba ya maji taka nayo yanaelekea mashariki, hadi mabwawa ya Ruai. Chochote anachokimwaga mtafiti mahali pasipofaa huko juu, njia zake zote zinaelekea kwenu. Mwaka 1992 mwanakemia Roger Sheldon alitoa kipimo rahisi: chukua kilo za taka, gawanya kwa kilo za bidhaa. Viwanda vya kusafisha mafuta ghafi vilikuwa chini ya moja. Viwanda vya dawa, vyenye sifa ya usafi kupita vyote, vilikuwa kati ya 25 na 100, na wakati mwingine zaidi. Kilo moja ya dawa, kilo mia za uchafu. Sehemu ya uchafu huo hutokana na vitendanishi vinavyotumika mara moja na kutupwa, na kichocheo ndicho jibu lake, kwa sababu kinazunguka badala ya kurundikana. Mtu aliyekulia Dandora anakijua kipimo cha Sheldon kabla ya kukisoma. Ndiyo maana nawataka watoto wa mitaa hii ndani ya fani hii, na nawataka wengi.

Wala usidhani lazima uanze na paladi, metali ambayo kati ya 2019 na 2022 iliwahi kuipita dhahabu kwa bei. Nenda soko la Burma ukanywe supu ya miguu. Ule unato kwenye midomo ni kolajeni, na kolajeni imejaa asidi amino iitwayo prolini. Miaka ya 1970 watafiti wa viwanda viwili vya dawa waligundua kwamba prolini peke yake, bila metali yoyote, inaweza kuendesha mmenyuko wa kutengeneza vipande vya steroidi na kuuelekeza upande mmoja, wa kulia au wa kushoto. Ugunduzi huo ukakaa kimya karibu miaka 30. Mwaka 2000 Benjamin List na wenzake wakaonyesha kwamba prolini inaweza kazi nyingine pana zaidi, David MacMillan akaonyesha njia jirani mwaka huohuo, na 2021 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Kichocheo kinachotokana na ngozi na mifupa, cha bei ndogo, kisichoogopa hewa wala unyevu: kama kuna tawi la kemia lililoumbwa kwa maabara isiyo na hela, ni hili.

Ukitafuta waliokutangulia kwenye vichocheo vya metali, soma makala za Stephen Ojwach, aliyechapisha akiwa Maseno na baadaye Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Chiromo kwenyewe utakuta jadi ndefu ya kuchunguza mimea: Jacob Midiwo na Abiy Yenesew wamefunza vizazi kutenga molekuli kutoka mizizi na magome. Kutenga na kuunda ni kazi mbili, lakini anayejua mmea unavyoijenga molekuli yake hupata fununu ya kuijenga yeye mwenyewe.

Halafu utaulizwa swali la mwisho, ambalo litatoka kwa mama yako: hiyo kazi italeta nini? Mpeleke Baba Dogo Road, umwonyeshe kiwanda cha dawa. Mpitishe Lunga Lunga, umwonyeshe kingine. Vidonge vinabanwa humo, vinapakiwa, vinakaguliwa, na kazi hiyo ni ya ustadi. Lakini ule unga unaotibu, kiini chenyewe cha dawa, kwa kiasi kikubwa huja kwa meli kutoka India na China. Usanisi unafanyika huko. Bei inaamuliwa huko. Meli zikikwama, kama tulivyoona wakati wa korona, mgonjwa wa Kaloleni anangoja.

Inaweza kubadilika, na vichocheo na usanisi bora ndivyo vinavyobadilisha. Frank Gupton na kundi lake kule Virginia, Marekani, waliichukua nevirapini, dawa ya ukimwi iliyokuwa inajulikana kila kona, wakapanga upya hatua zake hadi mavuno ya jumla yakapita asilimia 90, na taka ikashuka pamoja na gharama. Hawakugundua dawa mpya. Walikaa chini wakauliza kila hatua: wewe unapoteza nini?

Wewe chagua isoniazidi, dawa ya kifua kikuu. Iliundwa mara ya kwanza Prague mwaka 1912 na wanakemia ambao hawakujua inaponya nini. Nguvu yake dhidi ya kifua kikuu ikatangazwa 1952, na miaka ya 1960 majaribio makubwa ya Afrika Mashariki yalisaidia kuonyesha namna ya kuitumia pamoja na dawa nyingine za bei nafuu. Kifua kikuu hakijaondoka kwenye vyumba vya mabati visivyo na dirisha, na isoniazidi bado inamezwa. Hatua zake ni chache. Inaanzia kwenye pikolini, kioevu chenye pete iliyo na nitrojeni, ambacho hupitishwa pamoja na amonia na hewa juu ya kichocheo cha oksidi ya vanadi kwenye joto kali. Kinachotoka hugeuzwa kwa maji, kisha kwa haidrazini. Haidrazini ni sumu mbaya, kwa hiyo hatua hiyo ni ya ndani ya kabati la kuvutia mvuke, ukiwa na msimamizi kando yako. Chora hatua zote kwenye karatasi moja. Kando ya kila mshale andika kinachoingia, kinachotoka, na kinachotupwa, kwa kilo. Ipeleke karatasi hiyo kwa msimamizi wako Jumatatu asubuhi, na nakala yake uipeleke Dunga Road, kwenye taasisi ya taifa ya utafiti wa viwanda, uulize ni hatua gani kati ya hizo wanaweza kukusaidia kuifanya kwa lita mia moja badala ya chupa moja.